Wasafirio kwa Maji

Hotuba iliyotolewa baada ya ibada ya Jumapili ya Ukumbusho katika parokia moja mjini Nakuru. Imeandikwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa, yaliyorudiwarudiwa yamepunguzwa.

Bwana Yesu asifiwe! Na tena, asifiwe!

Baba Kasisi, wazee wa kanisa, akina mama, vijana, na nyinyi wageni mliokuja kwa ajili ya siku hii ya maua mekundu, ya kuwakumbuka waliokufa vitani, nawasalimu. Nimeombwa niseme machache juu ya babu yangu aliyekwenda vitani. Kwanza niwaambie ni babu yupi, maana upande wa baba ninao wawili, na mpaka nilipokaribia kustaafu nilijua nina mmoja tu.

Yule niliyemjua tulimwita Kuka, kama Waluhya wengi wanavyomwita babu. Mtu mpole, mwenye shamba dogo la miwa na maneno machache kuliko miwa yake. Alimsomesha baba yangu mpaka chuo cha ualimu kwa kuuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kumwona akimchapa mtoto. Alikuwa na jambo moja tu la ajabu: kila Novemba, Jumapili kama hii, alishikwa na kikohozi. Jumamosi mzima, Jumapili kikohozi, Jumatatu unamkuta shambani na jembe lake. Sisi watoto tulikuwa tukimwigiza nyuma ya jiko. Nyanya, yaani bibi yetu, hakucheka. Alijifunga leso yake akaenda kanisani peke yake.

Kuka alifariki mwaka 2011, mkongwe, ameshiba siku. Mazishi yakapita, ikafika zamu ya ardhi. Mnajua mambo ya mirathi. Huwezi kwenda kortini bila barua ya chifu inayotaja warithi, na barua haiandikwi mpaka ukoo ukae. Tukakaa. Majina ya watoto wa marehemu yakawa yanasomwa, na yalipofika kwa baba yangu, senge, yaani shangazi yetu mkubwa kabisa, akainuka na mkongojo wake akasema: "Huyo msimwandike hapo. Huyo na mimi baba yetu ni mwingine."

Baba yangu alikuwa mzee wa wajukuu, mwalimu mkuu mstaafu, ameketi mstari wa mbele na miwani yake. Niruhusuni nisieleze uso wake.

Ndipo tukaambiwa. Kuka alikuwa na kaka mkubwa. Huyo kaka ndiye aliyefunga ndoa na nyanya, kanisani, kwa pete. Vita vya Pili vilipopamba moto akaandikishwa jeshini, akapelekwa kwenye mizinga. Alikuja likizo mara moja. Senge, mtoto mdogo wakati ule, anakumbuka kupanda juu ya buti zake na kutembezwa uani, mguu wa baba na mguu wa mtoto kwa pamoja. Akaondoka, baba yangu akiwa tumboni. Hakurudi tena.

Swali ambalo kila mtu aliuliza siku ile, na najua nanyi mnajiuliza: mbona kufichana? Kwenda vitani si wizi. Wazee wa Keya, lile jeshi la King's African Rifles, waliorudi kutoka Burma walijigamba mpaka kaburini. Nitalijibu, lakini niwapeleke kwanza baharini, maana siri ya nyumbani kwetu ilizaliwa na siri nyingine kubwa zaidi.

Nyanya alifariki mwaka 1998 na kutuachia sanduku la bati. Ndani mlikuwa na leso, Kitabu cha Sala kisicho na jalada, na karatasi moja ya ofisi ya DC, yaani mkuu wa wilaya, ya kupokelea sehemu ya mshahara ambayo askari alimkatia mkewe. Wino umefifia, ila namba inasomeka, na kando yake herufi tatu: E.A.A. Hicho kilikuwa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Binti yangu alikaa kwenye kompyuta na ile namba. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola imeweka majina ya marehemu wake kwenye mtandao, na mtu yeyote anaweza kutafuta bila malipo. Jina tulilolipata lilikuwa limeandikwa vibaya, herufi mbili zimepinduka. Namba ilikuwa ile ile. Tarehe ya kufa: 12 Februari 1944. Kaburi: hana. Jina lake limo kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road.

Fikirini kidogo. Nilisomea uuguzi Nairobi. Matatu ya Ngong Road nimeipanda ujana wangu wote.

Sasa tarehe hiyo. Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za kubebea askari ulitoka Mombasa kwenda Colombo, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa meli ya abiria iliyoundwa Scotland mwaka 1922, ikafanya kazi Chile, ikauzwa Misri, kisha vita vikaichukua. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa kabisa, karibu watu 1,000, lilikuwa Rejimenti ya 301 ya mizinga, Waafrika wa nchi zetu hizi na maofisa wao Waingereza. Walikuwa wakiwafuata wenzao wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa nembo ya faru, ambao baadaye mwaka huo huo walishuka bonde la Kabaw, Burma, katika mvua na malaria mpaka mto Chindwin. Mlikuwa pia na mabaharia, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, karibu na visiwa vya Maldivi. Jua kali, bahari shwari. Watu wengi walikuwa chini ukumbini wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Wajapani, I-27, ikaachia topido, na mbili zikaipata Khedive Ismail. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Mimi nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, dakika mbili nazijua. Ni muda wa kupima mapigo ya moyo ya mgonjwa na kuyaandika kwenye faili. Waliokuwa chini hawakupata hata nafasi ya kuuliza kuna nini.

Walikufa watu 1,297. Waliopona ni kama 200 na kidogo. Kati ya wanawake walikufa 77, wakapona 6. Mnisamehe, hapa huwa nasita. Niliposoma habari ya wale wauguzi niliwaona waziwazi kuliko nilivyomwona babu yangu, kwa sababu sikuwa na sura yake kichwani, na yao nilikuwa nayo: sare iliyopigwa pasi, saa iliyobandikwa kifuani, msichana wa miaka ishirini na kitu anayekwenda kuosha vidonda vya watu asiowajua, kama nilivyokuwa mimi siku ya kwanza kazini. Wapo waliokuwa wametoka mbali zaidi ya Waafrika wetu, na mama zao walingoja vilevile.

Kuna jambo jingine, na nilifikiria sana kama nilitaje mbele ya watoto. Nitalitaja. Waliobahatika kurushwa au kuruka majini walikuwa wakielea, wameshikilia mbao na boti zilizopinduka. Nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari mbili za Kiingereza zilizokuwa zikilinda msafara, Petard na Paladin, zilipaswa kuchagua: kuwaokoa wale waliomo majini kwanza, au kuiwinda ile nyambizi kabla haijazigeukia meli nyingine nne zilizojaa askari. Zikawinda. Mabomu ya kulipukia chini ya maji yakatupwa, na baadhi ya waliokuwa wakielea wakauawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Mwishowe nyambizi ikaibuka, Petard ikaizamisha kwa topido.

Nilipolijua hilo sikuweza kwenda kanisani kwa muda. Nilikuwa nikija mpaka getini pale, nasikia nyimbo, nageuza gari. Watu waliniambia, "Mama, vita ni vita." Mwingine akaniambia ni mpango wa Mungu. Nawaomba, mtu akiwa katika hali ile, msimwambie maneno hayo. Mletee uji.

Turudi nyumbani. Wakati wa vita habari ya meli iliyozama haikutangazwa ovyo, maana adui naye husoma magazeti. Kule kwetu, upande wa Kakamega, mjumbe wa chifu alikuja akasimama chini ya mti, akamwambia nyanya kwamba mumewe "amepotea majini." Basi. Maji gani? Maji aliyoyajua nyanya ni mto wa kuchota na kisima cha jirani. Mtu mzima aliyejua kuogelea anapoteaje majini? Wengine walimnong'oneza kwamba amepata mke mwingine Mombasa.

Kupotea si kufa. Kwetu mtu akifa mbali na mwili usionekane, ukoo huzika mgomba mahali pake. Majirani zetu Wajaluo huzika tunda la yago. Si ushirikina mtupu kama tulivyofundishwa. Ni namna ya kumpa mjane ruhusa ya kulia. Wazee walikata mgomba wakauleta uani. Nyanya akakataa. Akasema, "Mmeambiwa amepotea. Anayepotea hutafutwa." Mgomba ukatupwa, ukaliwa na mbuzi. Kwa hiyo hapakuwa na kilio, hapakuwa na kunyoa nywele, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake, kwa kuwa jina la mtu hupewa mtoto akishakufa mwenyewe.

Lakini njaa haingoji ushahidi. Alikuwa na watoto wawili na hana mtu wa kumlimia. Baada ya miaka kadhaa mdogo wa mumewe, Kuka wetu, ambaye tayari alikuwa na mke, akamchukua kwa desturi. Na hapo ndipo kanisa la kijijini lilipomtenga. Mke wa pili, tena wa kurithiwa, hakuruhusiwa kufika mezani pa Bwana. Mnielewe vizuri. Huyu mwanamke serikali haikumwambia mumewe amekufa, ukoo haukuzika, na kanisa likamwadhibu kana kwamba mumewe yu hai na yeye amemwacha. Akae nyuma, karibu na mlango. Wenzake wakienda kupokea mkate na divai, yeye abaki kwenye benchi na watoto na wagonjwa.

Alikaa pale miaka na miaka. Hakukosa Jumapili. Alirudishwa mezani akiwa bibi mwenye mvi.

Na siri? Siri ililetwa na ardhi. Miaka ya 1960 mashamba yalipopimwa, kila kipande kilitafutiwa mwenyewe wa kuandikwa. Shamba la kaka mkubwa halikuwa na mwenyewe wa kusimama mpakani. Mwenyewe "amepotea." Kuka akaliandikisha kwa jina lake, na ili pasizuke maneno baina ya watoto, ikaamuliwa kwamba wote ni wake, mmoja asiambiwe tofauti na mwingine. Wazee walikubaliana jioni moja, ikawa hivyo. Wengine katika ukoo wanasema Kuka alimdhulumu kaka yake. Mimi nasema mtu mwenye nia ya kudhulumu hamsomeshi mtoto wa kaka yake mpaka ng'ombe wakaisha. Nasema pia kwamba kile kikohozi cha Novemba hakikuwa cha bure. Yote mawili yalikuwa ndani ya mtu mmoja, na binamu zangu wako hapa, wamenipa ruhusa niseme hivyo. Shamba tuligawana bila wakili. Tuliache.

Nataka niwaambie kuhusu imani ya nyanya, kwa sababu ndiyo iliyonitoa pale getini.

Wazee mnakumbuka Litania, tulipokuwa tukiisoma yote bila kurukaruka. Kuna mahali pa kuwaombea wasafirio kwa nchi kavu na kwa maji, halafu wanawake wenye utungu wa kuzaa, wagonjwa, watoto wadogo, wafungwa. Nyanya hakuwa mtu wa sauti kanisani. Aliyetengwa hujifunza kunyamaza. Lakini ikifika kwa wasafirio kwa maji, kiitikio chake kilitangulia cha kanisa zima. Nilikuwa mtoto nimeketi ubavuni pake, nikaona haya, nikamvuta leso. Nilidhani anapoteza mpangilio kwa uzee. Kanisa la bara, umbali wa safari ya siku nzima kutoka pwani, hakuna hata mmoja ndani aliyewahi kuona bahari, na bibi mmoja huko nyuma anaitikia kwa nguvu juu ya mabaharia.

Baada ya yale yaliyotokea kwenye kikao nilikwenda kuishi na senge kwa siku chache. Nilimuuliza, nyanya alikuwa akiomba nini? Senge akaniambia kwamba alikuwa akimsomea mama yake Zaburi ya 107, kwa kuwa nyanya hakusoma. "Washukao baharini katika merikebu, wafanyao kazi yao katika maji mengi, hao huziona kazi za BWANA, na maajabu yake vilindini." Mnajua zaburi hiyo inavyokwenda: dhoruba inavuma, watu wanapepesuka kama walevi, wanamlilia Bwana, naye anatuliza bahari, na katika mstari wa 30 wanafikishwa bandari waliyoitamani. Senge akasema nyanya alimsimamisha kila mara kabla ya mstari wa 30. "Ishia hapo," alimwambia. "Hapo mbele ni kwa wenzetu."

Na alipokuwa msichana mkubwa senge alimuuliza waziwazi: Mama, huchoki kuomba arudi? Nyanya akamjibu akiwa anapeta mahindi, hakuinua hata uso: "Niliacha zamani kuomba arudi. Naomba asiwe peke yake."

Nimekaa na maneno hayo miaka kadhaa. Nimewahi kuyasimulia, mama mmoja akaruka juu akasema, haleluya, sala ilijibiwa, alikufa na wenzake zaidi ya elfu! Hapana. Nyanya hakuanza kuomba hivyo mpaka mumewe alipokwisha kuzama, na mimi sitaki kumpigia Mungu hesabu ya namna hiyo. Watu elfu kufa pamoja si jibu la sala ya mtu. Ninachokiona ni kwamba alinyimwa kila kitu ambacho mtu hushikilia: habari, kaburi, kilio, meza ya Bwana, hata haki ya kulitaja jina la mumewe mbele ya mwanawe. Kilichobaki mkononi mwake ni kumwombea mwenzake mema bila kujua yuko wapi. Mimi nilikuwa na majibu yote, tarehe, jina la meli, idadi ya topido, na nilishindwa kuvuka geti la kanisa. Yeye hakuwa na hata moja, akakaa kwenye benchi la mlangoni miaka yote ile. Nilirudi ndani kwa sababu niliona haya kumpita.

Tulikwenda Ngong Road na senge kabla hajafariki. Makaburi yale yametunzwa, nyasi zimekatwa. Majina yamepangwa kwa vikosi, kwa hiyo usitafute kijiji wala kabila, tafuta kikosi. Senge hakujua kusoma Kiingereza, ila namba aliijua kwa moyo; alikuwa akitumwa nayo kwa DC tangu utotoni. Akaitaja, tukalipata jina. Akatuambia herufi zimekosewa. Tukamwambia tunajua. Akasema basi waandikieni barua warekebishe, yeye atangoja. Baba yangu alisimama kando, kofia mkononi, akamwamkia baba yake kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata binamu yangu alipata mtoto wa kiume, na jina likapata mwenyewe.

Sasa nimalizie na kazi iliyonileta. Hapa ndani kuna familia nyingi ambazo zina mtu "aliyepotea." Wa Vita vya Pili wana nafasi nzuri ya kuonekana. Wa Vita vya Kwanza, wale wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, waliobeba mizigo mpaka wakaanguka njiani, sitawadanganya: tume ya makaburi yenyewe ilikiri Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hao kilichobaki ni kumbukumbu za wazee wenu, kwa hiyo waulizeni wakiwa hai, na muwaulize akina mama, maana wanaume wa wakati ule walikula kiapo cha kunyamaza.

Binti yangu yuko na kompyuta kwenye meza ile karibu na mlango. Leteni chochote chenye namba: kipande cha utambulisho, karatasi ya DC, hata medali, baadhi zina maandishi ukingoni, geuzeni muone. Kama ni jina tu, njooni na maendelezo yote mnayoyaweza, pamoja na R mahali pa L, kwa sababu karani aliandika alivyosikia. Tutaanza na wazee wenye mikongojo. Vijana, wapisheni, na mmoja wenu aje anishikie taa ya simu, yale maandishi ya medali ni madogo.